Umbali ni Mmoja, Mwendo ni Mwingi: Kwa Nini Saa za Ndege Kati ya Miji ya Mbali Hazilingani

Singapore hadi New York ni mbali kiasi gani? Ukiuliza mtandaoni unajibiwa papo hapo: 15,300 na ushei. Ukurasa mwingine unasema 9,500. Wa tatu unasema 8,280. Ukihamia kwenye muda, huyu anakwambia saa 17, yule saa 18 na nusu. Kisha unafungua tiketi yenyewe, unahesabu kutoka saa ya kuondoka hadi saa ya kufika, na unapata saa tano na nusu kwa kwenda na zaidi ya saa 31 kwa kurudi.

Hakuna aliyekosea hapo. Kila namba inajibu swali lake, ila maswali yenyewe hayakuandikwa popote.

Kiswahili kimelijua jambo hili tangu kabla ya ndege kuwapo. Tunasema mji fulani ni "mwendo wa siku mbili", na neno hilo mwendo hubeba njia, kasi, vizuizi na muda kwa pamoja. Umbali ni wa ardhi, nao haubadiliki. Mwendo ni wa msafiri, nao hubadilika kwa upepo, kwa mipaka, kwa injini, hata kwa msimu. Wengi wetu tunauliza umbali ilhali tunachokitaka ni mwendo, na mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Namba tatu za umbali mmoja

Tuanze na fundo jepesi. 15,300 ni kilomita. 9,500 ni maili za nchi kavu, ile maili ya mita 1,609. 8,280 ni maili za baharini, kila moja mita 1,852, kipimo ambacho marubani walikirithi kwa mabaharia na hawajakiacha mpaka leo. Maili hiyo ya baharini haikuokotwa njiani: ni takribani dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa hiyo digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, ambazo ni kilomita 111. Ishike hiyo 111, tutaihitaji punde.

Tofauti ndogo ndogo zinazobaki zina sababu zake pia. Kuna programu inayopima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji mwingine, na kuna inayopima kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege. Kuna inayochukulia dunia kuwa mpira kamili, na kuna inayokumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, na hadi ncha ni 6,357. Kosa linalotokana na kubonyea huko halifiki hata asilimia moja. Kwa abiria si kitu.

Ramani inavyotuchezea macho

Fundo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatokana na picha iliyokaa vichwani mwetu tangu darasani. Ramani ya ukutani ni bapa, dunia ni tufe, na huwezi kulibandika ganda la tufe juu ya meza bila kulichana au kulivuta. Ramani tuliyoizoea zaidi ilibuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Inalinda mwelekeo wa dira, na gharama yake ni kuzivuta nchi za karibu na ncha mpaka zinakuwa majitu. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa zaidi yake karibu mara 14.

Sasa tafuta Singapore na New York kwenye ramani hiyo. Jicho litakuchorea mstari ama kupitia Bahari ya Hindi, Afrika na Atlantiki, ama kupitia Pasifiki. Weka kando ramani, chukua tufe na uzi. Bandika ncha moja ya uzi Singapore, vuta hadi New York, ukaze. Uzi utakimbilia kaskazini.

Na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe bila kikokotoo, jambo ambalo kila nikilirudia linanipa raha ileile. Singapore iko kwenye longitudo 104 mashariki, New York kwenye 74 magharibi. Zijumlishe: 178, pungufu ya 180 kwa digrii mbili tu. Maana yake miji hii imekaa karibu kinyume kabisa katika mzunguko wa dunia, na njia fupi kati yake lazima ipite jirani na Ncha ya Kaskazini. Kutoka Singapore, iliyo digrii moja juu ya ikweta, hadi ncha ni digrii 89. Kutoka ncha kushuka hadi New York, iliyo karibu digrii 41, ni digrii 49. Jumla 138. Zidisha kwa ile 111 yetu: 15,318. Hiyo hapo namba ya mtandaoni.

Ukiufuata uzi huo chini yake kuna nini? Unapanda kupitia Indochina, unaingia China na kupita si mbali na mji wa Chengdu, unavuka Mongolia, unapita Siberia magharibi ya Ziwa Baikal, unaikaribia Ncha kwa umbali usiofika kilomita 300, kisha unashuka upande wa pili juu ya Kanada na kuipitia Montreal kabla ya kuingia New York. Hakuna bahari kuu hata moja njiani isipokuwa Aktiki. Wanajiografia huuita mstari wa namna hii duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza mpaka uzunguke dunia nzima, unaikata katika nusu mbili zilizo sawa.

Upande wa kusini mambo ni hayohayo. Sydney na Santiago ziko karibu kwenye latitudo moja, digrii 33 hadi 34 kusini, na ramani bapa inakushawishi kwamba njia ni kwenda mashariki moja kwa moja. Ukifanya hivyo utasafiri karibu kilomita 12,800. Duara kuu linashuka hadi karibu latitudo 62 kusini, kwenye bahari ya barafu inayoizunguka Antaktika, na linakupunguzia takribani kilomita 1,400.

Kuna mpaka ambao umbali wa duniani hauwezi kuuvuka, nao ni kilomita 20,000. Dunia ina mzingo wa kama 40,000, kwa hiyo mahali palipo mbali nawe kuliko pote ni nusu yake, upande wa pili kabisa, na ukipita hapo umeanza kurudi. Namba hizo ni za mviringo kwa sababu ziliundwa ziwe hivyo: Wafaransa walipoibuni mita katika miaka ya 1790, waliifafanua kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha hadi ikweta. Kilomita 10,000 kutoka ikweta hadi ncha ndiyo chanzo cha kilomita yenyewe.

Ndege haifuati uzi

Basi tungekuwa na umbali, tungeugawanya kwa kasi ya ndege, na kazi ingeisha. Kurasa nyingi za kukokotoa muda wa safari hufanya hivyohivyo: zinachukua urefu wa uzi, zinaugawanya kwa kilomita 800 au 900 kwa saa, zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, zinakukabidhi jibu. Saa 17 na ushei za Singapore hadi New York zimetoka huko. Lakini ndege haifuati uzi. Inaukaribia kadiri inavyoruhusiwa.

Kinachoizuia kwanza ni mipaka. Anga ya nchi ni mali ya nchi hiyo, na nchi inaweza kuifunga. Tuliliona hilo waziwazi mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari, nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zilizifungia ndege za Urusi anga zao, nayo Urusi ikajibu kwa kufunga yake. Urusi imetanda juu ya karibu njia zote fupi kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki, kwa hiyo pigo liliwafikia watu ambao hawakuwa na safari yoyote ya kwenda Urusi. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa tisa na nusu hivi. Ghafla ikawa karibu saa 13, ndege ikilazimika ama kupanda juu ya Ncha ya Kaskazini na kuzunguka hadi Alaska, ama kupinda kusini kupitia Asia ya Kati. Helsinki haikusogea hata mita moja, wala Tokyo. Shirika la Finnair lilikuwa limeijenga biashara yake kwa miaka mingi juu ya jambo hilohilo, kwamba Helsinki ndiyo mlango wa Ulaya ulio karibu zaidi na Asia, na ukaribu huo ulifutika kwa siku chache.

Wazee wa usafiri wa anga hawakushangaa sana. Enzi za Vita Baridi anga ya Kisovyeti ilikuwa imefungwa vilevile, na mwaka 1957 shirika la SAS la Skandinavia lilianzisha safari za Copenhagen hadi Tokyo kupitia Ncha ya Kaskazini, likitua Anchorage kuongeza mafuta. Kwa miongo kadhaa Anchorage ilikuwa njia panda ya dunia. Abiria aliyetoka Ulaya kwenda Japani alijikuta amesimama Alaska usiku wa manane, jambo ambalo ramani bapa isingeweza kumweleza sababu yake, lakini tufe na uzi vingeweza.

Kizuizi cha pili ni injini. Ndege yenye injini mbili ikipoteza moja inaweza kuendelea kuruka kwa ile iliyobaki, ila lazima itafute pa kutua. Mwaka 1953 Marekani iliweka sharti kwamba ndege ya injini mbili isiwe mbali na uwanja wa kutua zaidi ya dakika 60 za kuruka kwa injini moja. Chora duara la dakika 60 kuzunguka kila uwanja duniani, uone mashimo yanayobaki: katikati ya Atlantiki, sehemu kubwa ya Pasifiki, kusini kote kuelekea Antaktika. Ndege za injini mbili zilipaswa kuyazunguka mashimo hayo, na za injini nne zikakatiza. Injini zilipozidi kuaminika, kikomo kililegezwa: dakika 120 mwaka 1985, 180 miaka michache baadaye, na leo Airbus A350 imeidhinishwa hadi dakika 370. Mashimo yamezibika karibu yote. Hii ndiyo sababu kubwa ya zile ndege kubwa za injini nne kupungua angani, kwani kazi yao maalumu imeondoka.

Upepo

Hapa ndipo penye utamu wa mada yote, na ndipo wengi wanapopotea.

Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, alikuwa akirusha maputo na kufuatilia yanakopelekwa na upepo. Aliona kwamba juu sana, hasa majira ya baridi, maputo yalisukumwa kuelekea mashariki kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1926 alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ya kubuni aliyoitumaini kuwafikia wataalamu wa mataifa yote. Karibu hakuna aliyeisoma. Mwaka 1944 marubani wa Marekani walipoziinua ndege zao za B-29 juu ya Japani, walikutana na upepo uleule, mkali kiasi cha kuyapeperusha mabomu yao mbali na shabaha, na wakaustaajabia kana kwamba hakuna mwanadamu aliyewahi kuuona. Habari hii hunisikitisha kila ninapoikumbuka. Ujuzi ulikuwapo, umepimwa, umeandikwa, umechapishwa, miaka 18 kabla, kwa lugha ambayo wenye kuuhitaji hawakuisoma.

Upepo huo leo tunauita mkondo wa jeti. Unazaliwa na tofauti ya joto: hewa ya tropiki ina joto, ya nchani ina baridi, na hewa inayosafiri kutoka kwenye joto kuelekea ncha hupindishwa na mzunguko wa dunia mpaka inaelekea mashariki. Tofauti ya joto ikiwa kubwa, kama ilivyo majira ya baridi, mkondo unakaza. Hutiririka kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, na kimo hicho ndicho ndege za abiria zinachopenda kuruka. Kasi yake mara nyingi ni kilomita 100 hadi 200 kwa saa, na imewahi kupimwa ikizidi 400.

Fikiria mtumbwi mtoni. Mpiga kasia anapiga kwa nguvu ileile, lakini akienda na maji anapita miti ya ukingoni upesi, na akipanda dhidi ya maji miti ileile inamganda. Kasi yake ndani ya maji haikubadilika, iliyobadilika ni kasi yake mbele ya ukingo. Ndege ni hivyohivyo. Katika kimo cha kilomita 11 inakata hewa kwa takribani kilomita 900 kwa saa. Hewa yenyewe ikiwa inaelekea mashariki kwa 200, ndege inayokwenda mashariki inaipita ardhi kwa 1,100, na inayokwenda magharibi kwa 700.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba ilipokuwa ikielekea Ulaya, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida hupangiwa kama saa saba. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, na watu wakauliza kama ilivunja kizuizi cha sauti, yaani kama ilipita kasi ya sauti. Haikuvunja. Sauti husafiri ndani ya hewa, na ndani ya hewa ndege ile ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote.

Wengi hudhani kwamba upepo ukikupa kwa kwenda na kukunyang'anya kwa kurudi, mwisho mko sawa. Hamko sawa. Chukua safari ya kilomita 5,500, ndege ya kasi ya 900, upepo wa 100. Kwenda na upepo ni saa 5 na nusu. Kurudi dhidi yake, kwa kasi ya 800, ni saa 6 na dakika 52. Jumla ni saa 12 na dakika 22. Bila upepo wowote, kwenda na kurudi kungekuwa saa 12 na dakika 13. Dakika tisa zimepotea, na zimepotea kwa sababu upepo mbaya unakushika kwa muda mrefu zaidi kuliko ule mzuri unaokusaidia. Upepo ukizidi, hasara inazidi.

Na dhana nyingine, ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma sana, ni kwamba tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege, kwa hiyo ukielekea magharibi mji unakujia. Ingekuwa hivyo, safari za magharibi ndizo zingekuwa fupi, kinyume kabisa cha tunachokiona. Dunia inazunguka pamoja na hewa yake. Pale ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, hewa inakwenda nayo, na ndege iliyoegeshwa uwanjani inakwenda nayo. Inapopaa haiachi mwendo huo nyuma. Mzunguko wa dunia unaingia kwenye hesabu kwa mlango wa pembeni tu, kwa kuupindisha upepo mpaka ukawa mkondo.

Sasa turudi Singapore. Tumeona kwamba uzi unapita jirani na Ncha. Lakini ndege inayotoka Singapore kwenda New York mara nyingi haiendi huko. Inapanda kaskazini mashariki kupitia karibu na Japani, inavuka Pasifiki ya kaskazini na kuingia Amerika kwa upande wa magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 16,000, kwa sababu huko kuna mkondo wa kuisukuma. Ndege ya kurudi ikipita njia hiyohiyo ingegongana na mkondo uso kwa uso, kwa hiyo mara nyingi huvuka Atlantiki na kupitia Ulaya, ikiendelea kuelekea mashariki, upande ambao upepo unaupenda. Ndege hiyo ya kwenda na kurudi inaweza kuwa imezunguka dunia nzima bila abiria kutambua. Njia huamuliwa saa chache kabla ya safari, kwa kutazama utabiri wa upepo wa siku hiyo. Atlantiki ya kaskazini ndivyo ilivyo pia: vituo vya kuongoza ndege vya Gander huko Kanada na Shanwick huko Ireland na Uskoti vimekuwa vikipanga upya njia za angani kila siku, upepo ukihama, njia zinahama.

Kasi na mafuta

Mbona ndege zisiende kasi zaidi, yaishe? Zikiikaribia kasi ya sauti, ambayo kwenye kimo cha kilomita 11 ni kama 1,060 kwa saa, ukinzani wa hewa unapanda ghafla na mafuta yanaliwa bila kiasi. Asilimia 85 ya kasi ya sauti ndipo mahali pa amani. Ndege ya abiria ya Concorde ilivuka mpaka huo kuanzia mwaka 1976 hadi 2003, na tarehe 7 Februari 1996 moja yake ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Ilikuwa ya ajabu, ilikuwa ghali, na haikuwa na uwezo wa kuvuka Pasifiki bila kutua. Leo tunaruka kwa kasi ileile iliyokuwapo jeti za kwanza kubwa za abiria zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958. Kilichoongezeka tangu hapo ni urefu wa safari moja.

Urefu huo una bei yake ya mafuta. A350 zinazofanya safari ya Singapore hadi New York zilitengenezwa maalumu kubeba hadi lita 165,000, ambazo ni kama tani 130, katika ndege ambayo uzito wake wote wa kupaa hauruhusiwi kuzidi tani 280. Karibu nusu ya kinachoinuka ni mafuta. Na sehemu kubwa ya mafuta ya saa za mwanzo inatumika kuyabeba mafuta ya saa za mwisho. Ndiyo maana ndege hiyo ina viti 161 tu, wakati A350 za kawaida hubeba watu 300 na zaidi. Kwa safari ndefu hivi, kutua katikati na kuongeza mafuta kunaweza kupunguza mafuta ya jumla. Anayekataa kutua analipia muda wake.

Saa inayoandikwa kwenye tiketi

Muda ambao shirika linautangaza hauanzii magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanzia ndege inaposukumwa kutoka mahali pake pa maegesho na kuishia inapoegeshwa upande wa pili. Ndani yake mna kuzurura uwanjani kutafuta njia ya kurukia, foleni ya kupaa, kuzungushwa angani ukisubiri zamu ya kutua, na dakika za akiba ambazo shirika limeziweka makusudi ili lisihesabiwe kuchelewa. Rubani akitangaza kwa furaha kwamba mmefika dakika 25 kabla ya wakati, mara nyingi zile akiba hazikutumika.

Hatimaye kuna saa ya ukutani. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa majira ya mji unaoondoka, na saa ya kufika kwa majira ya mji unaofika. Ukitoa moja kwenye nyingine bila kuzilinganisha, unapata upuuzi. Ndege inaondoka Tokyo saa 11 jioni na kutua Los Angeles saa 5 asubuhi ya siku hiyohiyo. Imefika saa sita kabla haijaondoka! Ya kurudi inatoka Los Angeles saa 5 asubuhi na kufika Tokyo saa 9 alasiri ya kesho yake, kana kwamba imeruka saa 28.

Dawa yake ni kuzipeleka saa zote mbili mahali pamoja, na mahali pazuri ni saa ya kimataifa, ile inayofuata Greenwich. Tokyo iko mbele kwa saa tisa, kwa hiyo saa 17:00 ya tiketi ni 08:00 ya kimataifa. Los Angeles wakati wa kiangazi iko nyuma kwa saa saba, kwa hiyo 11:00 ni 18:00 ya kimataifa. Kutoka 08:00 hadi 18:00 ni saa kumi, huo ndio mwendo. Ya kurudi ukiifanyia hivyo utapata saa 12, na zile saa mbili za ziada umeshajua anayezila.

Jihadhari na nchi zinazosogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Marekani na Ulaya hazisogezi siku moja, kwa hiyo kuna majuma kadhaa, Machi na tena mwishoni mwa Oktoba, ambapo London na New York zinatofautiana kwa saa nne badala ya tano. Singapore na Japani hazisogezi kabisa.

Na jihadhari zaidi na ndege za baada ya saa sita usiku. Hizi zimewaumiza watu wengi, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada, kwa kuwa tunaisoma 00:30 kuwa saa sita na nusu usiku, na wengi wetu huuhesabu usiku pamoja na mchana uliotangulia. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza ndugu yangu uwanjani. Tiketi yake ilisema tarehe 14, 00:30. Tulikula chakula cha jioni cha tarehe 14 bila haraka, tukaaga watu wote, tukafika saa 4 usiku na mabegi yake matatu. Binti wa kaunta alitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema kwa upole kwamba ndege hiyo iliondoka usiku wa kuamkia leo. Tangu siku hiyo, tiketi yoyote ya usiku inayonipitia mikononi naiandikia kwa kalamu pembeni, kwa maneno yetu wenyewe: "usiku wa kuamkia tarehe 14, ondoka nyumbani jioni ya tarehe 13."